Tanuri la Kuta Mbili

Kulthumu alikuwa amekwenda kisiwani Kudhaa kwa harusi, si kwa ugomvi. Binamu yake alikuwa anaoza mwana, na wageni wa kike waliotoka mbali waligawanywa katika nyumba za jirani wapate kupumzika mpaka alasiri. Yeye akapelekwa kwa Samiha, mwanamke kijana, jamaa wa upande wa mamake. Akavua buibui, akanywa maji, akatoka uani kunawa miguu. Ndipo alipoliona tanuri lake mwenyewe.

Hakuwa na haja ya kulitazama mara mbili. Pipa la chuma lililokatwa kimo cha kiuno. Ndani yake ukuta wa udongo. Baina ya chuma na udongo, nafasi ya kupitisha ngumi. Na chini kabisa kwa nyuma, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili zake angeweka bomba la moshi, bomba la moshi.

"Samiha," akaita. "Hili umelipata wapi?"

Samiha alitoka na taulo begani. "Hiyo? Hiyo ni rashadi, shangazi. Usiniambie huijui, na huko kwenu Kisimayu ndiko inakotoka."

"Rashadi?"

"Ndiyo jina lake. Inatengenezwa na fundi Rashad, yule wa kuchomelea. Wachu," akasema, akiwataja watu kwa Kibajuni cha visiwani, "wengi hapa wanayo. Mofa inaiva juu na chini sawasawa, na makaa hayaliki ovyo."

Kulthumu akavuta ndoo tupu, akaipindua, akaikalia.

Yeye alikuwa mwoka mikate ya mofa katika mtaa wa Majengo, Kisimayu. Vita vya Somalia vya mwaka tisini na moja vilimkuta mtoto wa kubebwa mgongoni. Akakulia Mombasa, akaolewa huko na Husseini, fundi wa mashua ambaye kwao ni Kudhaa, na mji ulipopoa wakarudi. Kazi ya mofa aliirithi kwa mamake: unga wa mtama uliochachuka, unaupiga kwa kiganja kwenye ukuta wa tanuri la moto kama mtu anayebandika tangazo, kisha unafunika. Na dhiki ya mofa aliirithi vilevile. Katika tanuri la kawaida moto hukimbilia juu ukapotelea mdomoni. Mikate ya chini inaungua, ya juu inatoka na uso wa mgonjwa.

Jawabu lilimjia siku alipokuwa akijifukiza udi. Alikuwa amekaa juu ya kigoda, chetezo katikati ya miguu, kanga imemfunika kuanzia shingoni hadi chini. Akauona moshi unapanda, unafika shingoni, unakosa njia, halafu unarudi chini taratibu ukifuata nguo na kutokea kwenye pindo, miguuni pake. Alikaa vile mpaka udi ukamalizika, akijiuliza jambo moja tu: moshi ukilazimishwa kushuka, joto si litashuka nao? Ndipo akatafuta pipa, akakanda udongo, akamwita Rashad amkatie na kumchomelea. Tanuri likafanya kazi tangu siku ya kwanza. Na Rashad, ambaye alilipwa ujira wake na kupewa mofa za moto juu yake, hakumwambia neno kwamba angetengeneza jingine.

Sasa alikuwa anaangalia hilo jingine kwa hasira. Lakini jicho nalo lina mambo yake. Likamtoka kwenye bomba, likapanda kwenye kifuniko, likakwama hapo.

"Mbona kifuniko chako kimepasuliwa nusu?" akauliza.

"Nilikikata mwenyewe," Samiha akasema. "Nikafunga bawaba za sanduku bovu. Ukifunua kizima, joto lote linaondoka kwa ajili ya mkate mmoja. Sasa nafunua upande huu, nabandika, nafunga, kisha nafunua upande wa pili."

Kulthumu alinyanyuka. Akakifunua kile kifuniko nusu, akakifunga, akakifunua tena. Kilikuwa kitu chepesi, cha kijinga kabisa, na yeye miezi yote ile akifunua kizima hakukiona.

"Na ukuta wa ndani? Haujapasuka?"

"Umepasuka, utaachaje? Zote zinapasuka." Samiha akamwonyesha ufa uliokuwa ukishuka kwenye udongo, umezibwa na kupasuka tena. "Rashad anasema ndivyo zilivyo."

La Kulthumu kule nyumbani pia lilikuwa na ufa, mahali palepale.

Harusi ilikuwa nzuri, watu walisema. Kulthumu aliimba na kupiga vigelegele pamoja na wenzake, lakini ukimuuliza leo bi harusi alivaa rangi gani, hajui.

Aliporudi Kisimayu hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya Rashad, kwenye njia ya bandarini, na mzigo wake mkononi. Rashad alikuwa amechuchumaa juu ya mlango wa chuma, miwani ya giza usoni. Nyuma yake, ukutani, matanuri mawili ya kuta mbili yalikuwa yanangoja kupelekwa kwa wenyewe.

"Rashad, wewe mwizi."

"Wa alaikum salaam," Rashad akajibu, akavua miwani.

"Sikukuamkia."

"Nimeona. Kaa, Bi Kulthumu. Nimekuibia nini?"

"Hivyo vilivyo nyuma yako."

Rashad akageuka kuyatazama kana kwamba hakujua yapo. "Mwizi huchukua kitu, mwenyewe akakikosa. Tanuri lako si liko uani kwako? Umekosa nini?"

"Nimekosa jina. Kudhaa wanaliita rashadi."

Hapo yule fundi aliona haya kidogo, alijikuna shingo. "Jina sikulitia mimi. Wachu wa visiwani ndio waliolitia, kwa kuwa mimi ndiye niliyewauzia."

"Ungewaambia."

"Ningewaambia," akakubali. Kisha akainua kidole. "Lakini na wewe useme kweli. Tundu la bomba, nani aliyesema litobolewe nyuma?"

"Mimi."

"Wewe ulisema ubavuni. Mimi ndiye niliyesema nyuma, kwa sababu ubavuni moshi ungekupiga kila unapoinama."

Kulthumu aliikumbuka ile siku. Aliikumbuka chaki nyeupe ikichora duara juu ya pipa, na jua, na kelele za mashine. Mkono ulioshika chaki ndio hakuukumbuka ulikuwa wa nani. Akaondoka bila kuaga, na njia nzima akawa anaujaribu ule mkono: mara ni wake, mara ni wa Rashad.

Husseini alipoambiwa hakushangaa. "Kosa lako ni kumwonyesha," akasema. "Dawa yangu ya kuzibia mashua umewahi kumwona mtu ananiiga?"

Hakuna aliyewahi. Husseini alichanganya dawa ile peke yake nyuma ya banda, na hata mkewe hakujua kuna nini zaidi ya mafuta ya papa. Baba yake alimfundisha hivyo, na babu yake alimfundisha baba hivyo.

"Lakini Husseini," Kulthumu akasema, "wewe mwenyewe husema ya baba yako ilikuwa ikishika zaidi."

"Ilikuwa ikishika zaidi."

"Kwa nini?"

Husseini akaangalia chini. "Kulikuwa na kitu kimoja alikuwa akikitia mwisho. Alisema atanionyesha nikikomaa. Vita vikaingia, tukatawanyika, akafia kambini, bara ya Kenya, mimi nikiwa Mombasa." Akakung'uta mikono yake kama mtu aliyemaliza kazi. "Nimejaribu kila kitu. Sijakipata mpaka leo."

Aliyeleta neno jipya nyumbani ni Waleed, mtoto wa dada yake Kulthumu, aliyelelewa Uholanzi na kufanya kazi huko katika kiwanda cha pampu. Kulthumu alimpigia simu kumsimulia tu, apunguze machungu. Waleed akamkatiza katikati.

"Mama mdogo, hilo lina sheria. Linaitwa hataza."

"Hataza ni nini?"

"Ukibuni kitu, serikali inakuandikia kuwa ni chako. Kwa miaka kadhaa hakuna mtu katika nchi hiyo anayeruhusiwa kukitengeneza ila kwa idhini yako. Miaka ikiisha, kinakuwa cha watu wote."

Husseini, aliyekuwa akisikiliza kwa pembeni, akauliza kama ni ile wanayoitaja redioni wanapogombania nyimbo.

"Hiyo ni hakimiliki, ya nyimbo na maandishi," Waleed akasema. "Hii ni ya vitu vinavyofanya kazi."

"Na mimi natoa nini?" Kulthumu akauliza. Hakuamini kwamba serikali yoyote hutoa kitu bure.

"Unatoa siri. Unaandika kila kitu na kuchora, mpaka mgeni asiyekujua akisoma aweze kukitengeneza. Na wanakiweka wazi, kila mtu akisome."

Kulthumu akacheka kwa mara ya kwanza tangu Kudhaa. "Kwa hiyo ili watu wasiniige, niwafundishe kuniiga?"

"Ndiyo. Sheria inawaambia: someni, lakini msiguse mpaka wakati wake."

Akalipenda lile jambo. Lilikuwa na kituko ndani yake, kama fumbo la watoto. Akataka kujua zaidi: nani anakagua? Watu wawili wakibuni kitu kimoja je? Mtu akiongeza kifuniko cha nusu, kifuniko ni cha nani? Waleed alijibu alichokijua, na kingine akasema atauliza. Kisha naye akauliza lake.

"Tanuri umeshamwonyesha mtu?"

"Mtaa mzima. Watu wanakuja kununua mofa, tanuri liko hapo hapo."

"Basi pana tatizo," Waleed akasema. "Sheria inataka kitu kiwe kipya. Ukishakiweka mbele ya watu kabla ya kuandikisha, si kipya tena, hata kama aliyekiweka ni wewe."

"Nilitakiwa nilifiche?"

"Ulifiche kwanza, ndipo ulifichue."

"Na nitajuaje kama linaoka, kama sikuoka watu wakala?"

Waleed akaahidi kutafuta hata hivyo, kwa kuwa maandishi mengi ya hataza za dunia yamewekwa mtandaoni, na yeye alikuwa na hamu ya kuona kama kuna mwingine aliyewahi kuushusha moshi.

Siku zikapita. Kulthumu alikuwa anakanda unga simu ilipolia mlio wa picha. Akajifuta vidole, akafungua, akaketi pale pale sakafuni.

Ulikuwa mchoro wa kalamu, wa zamani, wa mistari myembamba kama nywele. Tanuri lililokatwa katikati mtu aone ndani. Ukuta na ukuta. Mishale midogo ikipanda katikati, ikigeuka juu, ikishuka baina ya kuta, ikitoka chini. Kila kitu kilikuwa na namba yake, na kila namba ilikuwa na kamba inayoishika.

Sauti ya Waleed ikafuata. Ni mwoka mikate wa Ureno, akasema, wa zama za babu zake babu. Aliandikisha, akapewa, muda wake ukaisha zamani sana. Sasa ni lako, ni langu, ni la Rashad, ni la yeyote.

Kwanza Kulthumu aliona kama kaibiwa mara ya pili, na safari hii na maiti. Kitu alichokitoa chini ya kanga yake mwenyewe, na moshi wa udi wake mwenyewe, kumbe kilikwisha kuchorwa na mzungu mwenye masharubu! Masharubu hakuyaona popote, alimtia mwenyewe. Akaiweka simu chini ya mto, akarudi kwenye unga wake, akaukanda mpaka ukalainika kupita kiasi.

Kisha akaitoa tena simu, akaukuza mchoro kwa vidole viwili. Chini ya ukuta wa ndani kulikuwa na kitu asichokielewa: pete, na ndani ya pete vitone vitone.

"Waleed," akaandika, "nitafsirie sehemu ya chini. Namba saba."

Waleed akamtumia maneno, akaomba radhi kwa tafsiri, maana Kireno chenyewe kilikuwa cha kale na mashine ilikuwa inabahatisha. Yalisema hivi: *Ukuta wa ndani usishikanishwe na wa nje wala na sakafu, kwani ukipata moto hutanuka, na ukibanwa hupasuka, jambo lililonisumbua katika matanuri yangu mengi ya kwanza. Nimeusimamisha ndani ya pete ya chuma iliyojazwa majivu na mchanga, upate kujongea bila moshi kuvuja.*

Kulthumu akayasoma, akayarudia, akapiga kelele mpaka Husseini akatoka bandani mbio akidhani pameungua mtu.

"Na yeye lilimpasukia!" Kulthumu akasema. Machozi yalikuwa yanamlenga na alikuwa anacheka. "Husseini, na yeye lilimpasukia!"

"Nani?"

"Mreno!"

Haikuwezekana kumweleza. Miezi yote ile alikuwa akiuziba ufa ule peke yake, akidhani ni udongo mbaya au mkono mbaya, na huko ng'ambo, katika miaka ambayo hakuna aliye hai aliyeiona, kulikuwa na mtu mwingine aliyeinama juu ya ufa uleule akajiuliza swali lilelile. Na hakuenda nalo kaburini. Alilazimishwa na sheria kuliandika, au alipenda, nani ajuaye; lakini aliliandika.

Husseini aliutazama mchoro kwa muda mrefu kuliko mkewe alivyotarajia. "Baba angeandika," akasema, kisha akakatiza, akarudi bandani.

Pete ndiyo iliyokuwa shida. Ilitaka chuma kikunjwe duara lisilo na kosa, na Husseini ni fundi wa mbao. Alijaribu, ikatoka kama yai. "Nenda kwa yule fundi wa ng'ambo ya soko," akamshauri. "Asiyejua inakwenda wapi. Mwambie unataka pete, basi. Usimwonyeshe picha."

Lilikuwa shauri zuri na Kulthumu alilifuata mpaka karibu na soko. Akasimama hapo, jua limemkalia utosini, watu wanampita kulia na kushoto. Yule fundi wa ng'ambo angemkunjia pete, angesema ahsante, angevaa miwani yake. Asingeuliza ya nini. Na katika mji mzima wa Kisimayu alikuwapo mtu mmoja tu ambaye akiuona mchoro ule, angeketi pale pale kama alivyoketi yeye.

Akageuka, akashika njia ya bandarini.

"Sijaja kukusamehe," akamwambia Rashad, akamtia simu mkononi.

Rashad aliitazama picha. Akaenda nayo kivulini, akaitazama tena. Akakaa juu ya tairi. "Namba saba hii ni nini?" akauliza, na sauti yake haikuwa ya mtu anayebishana.

Kulthumu akamsomea. Rashad akapiga paja. "Inaelea!" akasema. "Ukuta unaelea juu ya mchanga! Na mimi nawaambia wachu kupasuka ndiyo kawaida yake!" Kisha kidole chake kikateremka kwenye mchoro mpaka kwenye bomba la moshi. Kulthumu naye akaona anachokiona.

Bomba lilikuwa nyuma.

"Basi si wewe," Rashad akasema.

"Wala si wewe."

Walicheka mpaka wanaopita wakatazama ndani. Kazi waliianza palepale. Pete ya kwanza ilikuwa nyembamba, ikapinda kwa moto. Ya pili ikakaa. Kulthumu aliukanda udongo upya, akausimamisha ndani ya majivu na mchanga, na tanuri likawashwa na kupoa, likawashwa na kupoa, mpaka mwezi wa Ramadhani ukaingia na kutoka. Ukuta haukuwa na hata mstari.

Kabla ya hapo walikuwa wameshakubaliana, kwa mdomo, kwa kuwa hakuna ofisi wangeweza kuipelekea. Rashad atengeneze na kuuza apendavyo. Kila tanuri achomelee jina la Kulthumu juu ya mlango wa makaa, kwa herufi zisizofutika. Na kila mnunuzi aliyebadilisha kitu, Rashad amuulize kakibadilisha vipi, aje amwambie. Sharti la tatu ndilo Kulthumu alilolishikilia zaidi. Kuhusu la pili Rashad alitimiza ahadi, na herufi zilikuwa nzuri. Lakini visiwani, kuanzia Kudhaa mpaka Darakasi, watu waliendelea kusema rashadi. Hilo lilimuuma, na linamuuma hadi sasa.

Alirudi Kudhaa baadaye kumpelekea Samiha pete yake. Alitaka kuiona ikitiwa, na zaidi alitaka kumwambia kwamba kile kifuniko cha nusu sasa kilikuwa kwenye kila tanuri linalotoka karakana.

Samiha alimpokea kwa furaha, lakini alimzuia mlangoni mwa ua. Pembeni palikuwa pamezungushiwa pazia la kanga kuukuu, na kutoka nyuma yake ilikuwa inakuja harufu ya samaki anayekaushwa. Moshi haukuwepo. Kulthumu aliangalia juu na chini, hakuna hata uzi wa moshi.

"Nini kile?"

"Huko hakuingiwi, shangazi."

"Mimi?"

"Hata wewe. Waleed kasema hata mama yangu."

Kulthumu alikuwa amesahau kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyempa Samiha namba ya Waleed, siku alipomsimulia habari ya hataza kwa simu kama kichekesho. Samiha hakukichukua kama kichekesho.

"Nikikwambia utaniona mchoyo," Samiha akasema, akimmiminia chai. "Kifuniko nilikikata bila kufikiri, kikachukuliwa, sikujali. Nilidhani mambo ya uani kwetu hayana mwenyewe, ni kama maji ya mvua. Siku uliyoniambia kuna mahali yanaandikwa, na jina la mchu linakaa pale hata baada ya kufa kwake, kama huyo Mreno wako, nikaanza kutazama kila kichu. Bila hilo nisingehangaika na hiki, haki ya Mungu. Nisingekianza."

"Na ungekificha kifuniko, mimi ningekuwa bado nafunua kizima."

"Najua," Samiha akasema. Alikuwa amelifikiria, ilionekana usoni. "Ndiyo maana sijui. Waleed kanipelekea ombi huko kwao Uholanzi; nangoja tu wanijibu, kisha nitalifungua pazia, waje wachu wote wakione."

Akamletea kipande cha samaki kwenye sahani. Kulthumu akala. Samaki alikuwa mkavu nje, ndani ana maji yake, na hakuwa na ladha ya moshi hata kidogo. Akauliza kama ni makaa; Samiha akatabasamu. Akauliza kama kuna maji ndani. Samiha akamwongezea chai. Usiku kucha alilala upande unaotazama lile pazia, na hakulisogelea, ingawa mkono ulimwasha.

Nyumbani Kisimayu alianza kukisia. Ikiwa hakuna moshi, akajiambia, basi joto linapita mahali pengine. Akamwomba Rashad sanduku la bati, akalijaza mchanga wa pwani, akalipitishia ndani yake bomba la moshi la tanuri lake, na juu ya mchanga akapanga samaki. Samaki waliharibika. Ukweli ni kwamba walinuka vibaya hata paka wa Majengo wakafikiri kwanza. Lakini asubuhi, alipokwenda kuusafisha mchanga, aliukuta bado una joto, joto la mkono wa mtu. Ilikuwa miezi ya baridi ya kusi, wakati unga wa mtama unapogoma kuchachuka na mofa kutoka ngumu kama kandambili. Akaenda akaleta bakuli la unga, akaliweka juu ya mchanga, akasimama kando. Kabla hajamaliza kufagia uwanja, unga ulikuwa umeanza kupumua.

Akampigia Samiha simu ya video. Ombi la Samiha lilikuwa bado halijajibiwa na pazia lilikuwa bado limening'inia. Kulthumu aliliona nyuma ya bega lake.

"Nimekikisia kitu chako," akamwambia.

Samiha akashtuka. "Umekipata?"

"Sikukipata. Nimetoa kingine."

"Kipi?"

Kulthumu alitaka kujibu, akasita. Aliyasikia masikioni maneno ya Waleed, ulifiche kwanza ndipo ulifichue, na kwa mara ya kwanza yalikuwa na uzito. Hakuna aliyekuwa amekiona isipokuwa Rashad, na Rashad alidhani ni cha samaki. Mlango wa ua ulikuwa umefungwa. Angeweza kutundika kanga.

Akalitazama lile bakuli, unga umeinuka mpaka ukingoni, una vishimo vishimo vya hewa. Alitamani mtu auone sasa hivi, kabla haujashuka.

Akaigeuza simu. "Tazama," akasema.

Samiha alisogeza uso mpaka ukajaa kwenye kioo. Hakusema ahsante wala hongera. Alikunja kipaji, akatazama sanduku, akatazama bomba linavyoingia na kutoka.

"Mchanga wa wapi huo?" akauliza. "Ni ule mnene, au mwembamba?"

Kulthumu akachota kiganja, akakileta karibu na simu.